Mahali Ni Nusu ya Jina: Hotuba Kuhusu Nzi wa Ufuoni

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Wahenga walisema nzi kufa juu ya kidonda si haramu. Hawakusema ni nzi gani. Nimeanza na mzaha huo kwa sababu umebeba jambo lililonileta mbele yenu. Lugha yetu ina majina mazuri ya wadudu wa kundi hili: mbu, usubi, pange, mbung'o. Tukishawavuka hao wanaotuuma, waliobaki wote tunawarundika ndani ya neno moja, nzi, na mkono umeshainuka kuwafukuza. Kaa ufuoni nusu saa maji yakiwa yamepwa, na mkono huo utakuwa umefukuza jamaa za koo mbalimbali kabisa. Usubi na nzi wa mwani, kwa mfano, waliachana ukoo zamani kuliko paka na ng'ombe.

Nina jambo moja la kusema leo, na mengine yote ni matawi yake. Utambuzi wa nzi wa ufuoni hauanzi kwenye hadubini. Unaanza pale miguu yake ilipokuwa imesimama kabla hujamkamata.

Hilo nililijifunza kwa hasara yangu mwenyewe. Nilipoanza kazi hii nilikuwa na bidii ya kukamata kuliko ya kuandika. Nilijaza visanduku viwili vya vichupa, kila kimoja na nzi wake ndani ya spiriti, na kila kikaratasi nikakiandika neno moja: ufuoni. Na tarehe, basi. Miaka ilipita, nikapata hadubini nzuri na muda wa kukaa nayo, nikafungua visanduku vile kwa furaha. Wengi niliwafikisha kwenye familia, wachache kwenye jenasi, kisha nikagonga ukuta. Kila ufunguo wa utambuzi niliofungua, yaani ule mlolongo wa maswali ya kutafutia jina la mdudu, ulikuwa unaniuliza: huyu alikuwa juu ya mwani unaooza, au juu ya mwamba unaolowa mawimbi? Kwenye tope la mikoko, au juu ya samaki aliyekufa? Sikuwa na jibu. Ufuoni ni mahali pengi mno.

Basi tuanze mlangoni. Huyu ni nzi kweli? Wadudu wengi wenye kuruka wana mabawa manne. Nzi ana mawili. Aristotle aliliona hilo zamani, na mwaka 1758 Mswidi Linnaeus, mwainishaji wa viumbe, akalitumia kuainisha oda nzima, yaani kundi kubwa la koo nyingi, Diptera, yaani wenye mabawa mawili. Mabawa ya nyuma yamebaki kama vijiti viwili vyenye vichwa mfano wa rungu. Virungu hivyo hutikisika wakati mabawa yanapopiga, na humjulisha nzi kama mwili wake umeinama au umegeuka hewani. Nyigu wadogo hushuka ufuoni na kuwadanganya wengi, hasa wale weusi wanaotembea juu ya mwani. Usibishane nao, hesabu mabawa, kisha tafuta virungu.

Ila ufuo una kawaida ya kuvunja kanuni. Mdudu mdogo anayeruka penye upepo wa bahari anaweza kujikuta baharini, na baadhi ya jamaa hawa wameyaacha mabawa kabisa. Kwenye mwambao wa Antaktika yuko mmoja, *Belgica antarctica*, ambaye hana bawa hata moja. Hazidi milimita sita, na bado ndiye mnyama mkubwa kuliko wote wanaoishi nchi kavu tu kule, maana pengwini na sili ni watu wa bahari. Ukimwona pasipo kujua utadhani ni sisimizi aliyepotea njia.

Sasa twende na maji. Sitayafuata kwa mpangilio wa kitabu. Nitakaa zaidi pale ninapopapenda, na ninapapenda kwenye mwani.

Maji ya bamvua, yale makuu ya mwezi mpevu au mchanga, yanapojaa hupandisha mwani juu ya ufuo na kuuacha huko kwa mistari na marundo. Lundo likikaa siku chache huanza kuoza, na kuoza huzaa joto. Tia mkono ndani ya lundo kubwa hata siku ya baridi, utalisikia. Wengi hupita mbali kwa sababu ya harufu. Mimi hupiga magoti, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Utakayemkuta humo, hasa katika nchi zenye bahari ya baridi, ni nzi wa familia ya Coelopidae. Hahitaji hadubini kukujulisha jina la ukoo wake. Amebapa, kama mtu aliyemkalia. Kidari chake ni bapa kwa juu, miguu ni minene na ina manyoya mengi, na ukifunua bamba la mwani hakimbilii hewani. Hupenya chini ya bamba la pili. Umbo lile ni la mkazi wa nafasi nyembamba. Mabuu wake hula bakteria na utelezi wa mwani unaooza, na ratiba yao imefungwa na bahari: lundo lililoletwa na bamvua moja linaweza kuzolewa na bamvua nyingine, kwa hiyo yai lazima lifike kuwa nzi kamili ndani ya majuma machache.

Hapo ndipo kuna mtego ulioniangusha. Katika spishi iitwayo *Coelopa frigida*, madume hutofautiana ukubwa kiasi kwamba ukiwapanga kwenye sahani utaapa ni spishi mbili, au hata tatu. Nami niliapa. Sababu iko kwenye kromosomu zao: kipande kikubwa cha kromosomu moja kimegeuzwa kichwa chini miguu juu, na nzi hurithi kipande cha namna moja au ya pili. Mwenye namna moja kutoka kwa wazazi wote wawili huwa dume kubwa linalochelewa kukomaa. Mwenye namna ya pili huwa dogo na hukomaa haraka. Katika lundo lisilo na uhakika wa kudumu, mwenye haraka ana faida yake, na mkubwa naye ana faida yake kwa majike. Ni ndugu wa lundo moja. Ukubwa wa mwili, basi, uwe kitu cha mwisho kukusadikisha.

Nzi hawa wana kisa kingine ambacho huwa sipiti bila kukisimulia. Karne iliyopita, Uingereza, walionekana wakivamia viwanda vya kusafishia nguo na sehemu nyingine mbali na pwani, na watu wakashindwa kuelewa mwani na kanzu vina uhusiano gani. Ikaja kujulikana kwamba huvutwa na harufu ya triklorethilini, dawa iliyokuwa ikitumika kuondolea madoa ya mafuta. Mtu aliyekuta nzi wale dukani na kuwaita nzi wa nyumbani hakukosea jina tu. Angetafuta chanzo jaani na jikoni mpaka achoke.

Juu ya lundo hilohilo, na kwenye mchanga ulio kando yake, utaona wengine wa kijivu, wembamba kidogo, wanaokimbia kisha kuruka hatua mbili tatu na kutua tena. Hao mara nyingi ni *Fucellia*, na jina lao limetokana na jina la mwani. Ni wa familia ya Anthomyiidae, karibu na nzi wa nyumbani kuliko na nzi wale bapa. Wana utundu mmoja. Katika familia yao, kawaida ukitaka kujua dume hutazama macho: ya dume karibu yagusane utosini, ya jike yameachana. Kwa *Fucellia* macho yameachana kwa wote wawili. Mwanafunzi akikuletea sahani ya majike matupu, mwambie atazame ncha ya tumbo kwanza.

Wa tatu wa lundoni ni mdogo, mweusi, wa milimita mbili hivi, wa familia ya Sphaeroceridae. Mtambue kwa mguu wa nyuma: pingili ya kwanza ya wayo ni fupi na imevimba, kama mtu aliyevaa kiatu kikubwa kuliko mguu. Mmoja wao, *Thoracochaeta zosterae*, aliwasumbua wanaakiolojia. Magamba ya mabundo yake, yaani ya hatua iliyo kati ya buu na nzi kamili, yalikutwa kwa wingi katika mashimo ya choo ya zama za kati, Uingereza, sehemu zilizo mbali na bahari. Je, watu wa kale walikuwa wakibeba mwani hadi mijini? Uchunguzi wa kemia ya magamba yale ulionyesha kwamba mabuu hawakula mwani hata kidogo. Walikula kilichokuwa chooni. Shimo lile lilikuwa na unyevu, chumvichumvi na uozo, na kwa buu hiyo ilitosha kuwa ufuo.

Kisa hicho kinanirekebisha mimi mwenyewe. Ninaposema mahali, sisemi nukta kwenye ramani. Nasema hali ambayo mdudu alikuwamo: kulikuwa na unyevu kiasi gani, chumvi, kivuli, kitu gani chini ya miguu yake. Nukta ya ramani iandikeni pia, lakini haitoshi.

Tushuke kwenye miamba.

Maji yakipwa sana, miamba ya chini kabisa huonekana kwa saa chache, na mwani wake mfupi hubaki wazi. Hapo ndipo huishi usubi asiyeuma, wa familia ya Chironomidae, jenasi *Clunio*. Jike hana mabawa. Dume anayo, naye hukimbia juu ya maji na mwani akimtafuta jike anayetoka kwenye gamba lake, humsaidia kutoka, hupandana naye, humbeba hadi penye mwani uliofunuliwa, naye hutaga. Yote hayo ndani ya saa chache, kisha wote wawili wamekufa. Maji yangekuwa juu, yai lingekosa pa kuwekwa. Kwa hiyo hutoka siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, na tena hutoka saa ya kupwa. Mjerumani Dietrich Neumann alionyesha maabarani kwamba wadudu hawa wana saa mbili ndani ya mwili, moja ya siku na moja ya mwezi, na kwamba unaweza kuirekebisha ile ya mwezi kwa kuwawashia taa hafifu usiku.

Kwa sisi tunaoainisha, kuna jambo gumu zaidi hapo. Saa ya kupwa haifanani kutoka pwani moja hadi nyingine. *Clunio marinus* wa pwani mbili wanaweza kufanana unywele kwa unywele chini ya hadubini, na bado wakatofautiana saa ya kutoka, na tofauti hiyo hurithiwa. Sasa niambieni: ni spishi moja au mbili? Mimi ningewaita spishi moja yenye makabila. Lakini naliweza kusema hivyo kwa sababu aliyewakamata aliandika saa. Asingeandika, hata swali lisingekuwapo.

Na akiwa bado hajakushangaza *Clunio*, yuko *Pontomyia*, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926 kutoka Samoa. Mabawa ya dume yamekuwa makasia. Hujisukuma nayo juu ya uso wa bahari. Jike amebaki mfano wa mnyoo. Ukimtia jike huyo kwenye ufunguo wa kawaida wa nzi, swali la kwanza tu, lile la mabawa, litakutupa nje.

Kwenye miamba hiyohiyo, juu kidogo, pale rasharasha za mawimbi zinapofika, kuna nzi wadogo wa kijivu wanaokaa kwa makundi juu ya mwani mwembamba. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu familia mbili zinafanana sana: Ephydridae na Canacidae. Zote zina uso uliojitokeza mbele, kama mtu aliyejaza maji mdomoni. Kuzitenganisha, tazama ukingo wa mbele wa bawa, penye mshipa mnene. Kwa Ephydridae mshipa huo umekatika mahali pawili. Kwa Canacidae, mahali pamoja tu. Kisha tazama shavu: Canacidae wana nywele ngumu zilizopinda kwenda juu. Mwangaza uwe wa upande, si wa juu, la sivyo mikato hiyo hutaiona mpaka kesho.

Nichepuke kidogo. Ephydridae wana spishi zaidi ya 2,000, na sijui familia nyingine ya nzi yenye ujasiri kama huu. Mmoja, *Helaeomyia petrolei*, mabuu wake huishi ndani ya madimbwi ya mafuta ghafi huko California. Mwingine, *Ephydra hians* wa ziwa Mono, Marekani, hutembea hadi chini ya maji yenye chumvi na magadi akiwa amevaa kiputo cha hewa, akala na kutaga, akapanda juu mkavu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha siri yake: manyoya mengi kuliko ya nzi wa kawaida, na nta ambayo maji ya magadi hayaishindi. Ziwa Mono si bahari, najua. Lakini yeyote anayewafahamu jamaa hao hatashangaa kumkuta ndugu yao kwenye kidimbwi cha mwamba ambacho jua limekigeuza kuwa chumvi tupu.

Miambani humo wamo pia wawindaji. *Aphrosylus*, wa familia ya Dolichopodidae yenye miguu mirefu, hukimbia juu ya mwamba uliolowa akikamata viumbe wadogo. Na katika pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini yuko *Oedoparena glauca*, ambaye buu wake huingia ndani ya wale wanyama wenye magamba meupe waliogandamana na mwamba, jamaa wa kaa, akamla mmoja kisha akahamia kwa mwingine maji yanapopwa. Buu huyo kumkuta bila kufungua gamba haiwezekani.

Topeni sasa, na mikokoni. Huku tafuta nzi wa kijivu anayetembea juu ya tope kwa madaha, mwenye viungo viwili mdomoni vilivyotanuka kama vijiko. Huyo ni *Lispe*, binamu wa nzi wa nyumbani, naye ni mwindaji. Yuko pia *Ochthera*, mwenye miguu ya mbele iliyonenepa na kujikunja kama ya vunjajungu. Ukimwona mara moja humsahau.

Lakini nitakaa kwenye usubi, kwa kuwa jina lao linaleta madhara. Neno usubi tunalitumia kwa wadudu wanaouma wa familia tatu tofauti, na zaidi ya hapo tunalitumia kwa ugonjwa. Mtu ameumwa jioni mikokoni, anaambiwa ni usubi, anakwenda kusoma habari za usubi na kukuta habari za upofu, halali usiku. Anayeeneza upofu ule ni wa familia ya Simuliidae, na mabuu wake hukua kwenye maji matamu yaendayo kasi, mtoni. Topeni kwenye chumvi hakui. Anayeuma mikokoni kwa kawaida ni *Culicoides*, wa familia ya Ceratopogonidae, wa milimita moja hadi tatu. Wa tatu ni yule usubi wa mchanga wa kundi la Phlebotominae, anayeeneza vimelea vya ugonjwa viitwavyo leishmania. Naye, pamoja na jina lake, si mdudu wa fukwe.

Kuwatenganisha hakuhitaji zaidi ya lenzi ya mkono. Simuliidae ana kibiongo, mabawa mapana yasiyo na madoa, na vipapasio vifupi vinene kama shanga zilizobanana. *Culicoides* hulaza mabawa juu ya mgongo, moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na mara nyingi mabawa hayo yana madoadoa. Phlebotominae ni wa manyoya mwili mzima na huyainua mabawa mgongoni kwa umbo la herufi V. Hapo tena, kabla ya lenzi, swali lilikuwa: uliumwa wapi?

Pange wa vinamasi vya chumvi nitawapita upesi: wakubwa, macho ya kijani yenye kung'aa au mistari, majike peke yao ndio wanaouma, mabuu wao huishi topeni. Na kule juu kwenye matuta ya mchanga makavu kuna nzi wawindaji na wengine wanaofanana na nyuki, ambao wanastahili hotuba yao siku nyingine.

Samaki aliyekufa je? Hapo wanafunzi wote hukimbilia, kwa sababu nzi ni wengi na wanang'aa. Wa kijani na buluu ya madini ni Calliphoridae. Wa kijivu mwenye mistari mitatu myeusi mgongoni na tumbo la mirabaraba ni Sarcophagidae, na jike wake hatagi mayai ya kawaida, huzaa mabuu walio hai. Wakamateni mkipenda. Ila mjue kwamba wengi wao ni wageni. Wangeufuata mzoga huohuo bondeni au mlimani. Nzi aliyepatikana ufuoni si lazima awe nzi wa ufuo. Upepo huleta wengi, na mzoga huwaita wengi zaidi.

Namna bora ninayoijua ya kuthibitisha ukazi ni kulea. Chota mwani unaooza pamoja na mabuu, utie kwenye chombo, funika kwa kitambaa chepesi, usiuache ukauke. Kila anayetoka humo amezaliwa humo. Utapata dume na jike wa lundo moja, na magamba ya mabundo, ambayo yana alama zake za utambuzi. Majirani watalalamika kuhusu harufu, nao wana haki.

Sasa hadubini. Swali la kwanza ni vipapasio: virefu vyenye pingili nyingi, kama vya mbu na usubi, au vifupi vyenye pingili chache na unywele mmoja uliochomoza? La pili, kwa wenye vipapasio vifupi: tazama penye shina la bawa kama kuna kipande cha ngozi mfano wa sahani kinachofunika kirungu. Kikiwa kikubwa, uko upande wa nzi wa nyumbani, wa mizoga na *Fucellia*. Kikiwa kidogo au hakuna, uko upande wa Coelopidae, Ephydridae, Canacidae na Sphaeroceridae. Baada ya hapo ni mishipa ya bawa, kisha nywele ngumu za kichwani na kidarini, ambazo kila moja ina mahali pake na jina lake. Rangi iwe ya mwisho. Spiriti hufifisha rangi, chumvi hupaka vumbi jeupe, na nzi aliyetoka bundoni asubuhi ni mweupe mweupe mpaka ngozi yake ikomae.

Picha za simu? Zinasaidia, sitazidharau. Piga kwa ubavu, kwa juu, na uso. Picha nzuri hukufikisha kwenye familia, wakati mwingine jenasi. Spishi, katika makundi mengi niliyoyataja, imefichwa kwenye viungo vya uzazi vya dume, na hivyo havionekani bila kupasua. Vinasaba navyo vinasaidia: tangu mwaka 2003, Paul Hebert na wenzake wa Kanada walipopendekeza kipande kimoja cha jeni chenye herufi 650 hivi kitumike kama alama ya utambuzi, maabara nyingi hukisoma kipande hicho. Lakini kinalinganishwa na maktaba, na maktaba ilijazwa na watu waliotambua nzi kwa macho. Aliyemwita Canacidae kwa jina la Ephydridae akamtuma maabarani, ameiambukiza maktaba kosa lake.

Na majina ya makundi yenyewe hayakai. Funguo za zamani zitakupeleka kwenye familia ya Tethinidae. Siku hizi wataalamu wengi wanawaweka ndani ya Canacidae. Nzi hajabadilika. Ndiyo maana kwenye kikaratasi changu naandika jina, nani aliyemtambua, na mwaka, ili anayekuja baadaye ajue nilikuwa nikitumia mpangilio gani.

Kikaratasi kiingie ndani ya kichupa, kiandikwe kwa penseli, maana wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye spiriti. Andika umbali kutoka kwenye mstari wa maji, alikuwa juu ya nini, maji yalikuwa yakijaa au yakipwa, bamvua au maji mafu, saa ngapi. Dakika moja tu. Kwa kukamata, wavu uwe mdogo, upite chini karibu na mchanga, ukielekea upepo unakotoka. Kwa wale wa milimita mbili, tumieni mrija wa kufyonzea wenye kitambaa katikati, msije mkameza ushahidi. Na mtu asishuke miambani bila kujua saa ya maji kurudi.

Nimeleta vichupa ishirini na vinne, viko mezani pale nyuma na hadubini mbili. Ishirini na tatu vina majina. Cha mwisho kikaratasi chake kinasomeka hivi: "Juu ya mwamba, hatua tatu juu ya mstari wa maji, kivulini, maji yakipwa, bamvua, saa kumi na moja na robo jioni. Canacidae." Nimesimama hapo kwa miaka miwili, kwa sababu ni jike na sijapata dume. Mwenye macho mazuri aanze na huyo.